Aliyesema paukwa ana deni

Tamthilia ya 1899 iliingia Netflix Novemba 17, 2022, episodi nane kwa mkupuo. Katika episodi zote hizo tumo ndani ya meli ya wahamiaji inayokata Atlantiki kuelekea New York, tukimfuata daktari mmoja, Maura, anayehangaika kuelewa mambo ya ajabu yanayowakuta baharini. Dakika za mwisho anazinduka mahali pengine kabisa. Yumo ndani ya chombo cha angani, mwaka ni 2099, abiria wenzake wamelala usingizi mzito, na maandishi kwenye skrini yanamkaribisha kwenye uhalisia. Picha inakatika hapo. Yote yaliyotangulia yalikuwa dibaji, hadithi yenyewe ndiyo kwanza inataka kuanza.

Januari 2, 2023, siku 46 baada ya kutoka, watunzi wake Baran bo Odar na Jantje Friese waliwatangazia mashabiki kwamba hakuna msimu wa pili. Walikuwa wameipangia misimu mitatu, kama ile tamthilia yao ya Dark, ambayo Netflix hiyohiyo iliwaachia waifikishe tamati kati ya 2017 na 2020. Maura yuko palepale hadi leo, ndiyo kwanza amefumbua macho.

Msimulizi akisema "paukwa" na wasikilizaji wakaitikia "pakawa", pande zote mbili zimeshafungana. Wao wametoa masikio yao na usiku wao. Yeye amekubali kuwafikisha mwisho, uwe mtamu au mchungu. Kampuni za televisheni zinaingia kwenye mapatano hayo kila zinapozindua tamthilia yenye fumbo kubwa katikati yake. Sina ugomvi na tamthilia kufutwa. Fedha zina kikomo, na zipo kazi ambazo hazikustahili hata huo msimu mmoja. Ugomvi wangu ni kuanza simulizi la misimu mitatu bila kutenga chochote cha kulimalizia, halafu fedha zikapatikana haraka likitajwa jina la zamani la kufufua. Tamthilia zinazofufuliwa siku hizi nyingi ni zile zilizokwisha kumalizika vizuri. Watazamaji wake hawadai kitu. Wanaodai wako upande wa pili, na hao simu zao hazipokelewi.

Mfumo wa zamani wa Marekani nao uliumiza watu, sitaupamba. Kituo kilikuwa kinaishi kwa matangazo ya biashara, na bei ya tangazo ilifuata idadi ya watazamaji. Kila Mei wakuu wa vituo walisimama mbele ya watangazaji jijini New York kueleza kipi kinarudi na kipi kimepigwa chini. Firefly ilikumbwa na panga hilo mwaka 2002. Episodi 14 zilirekodiwa, Fox ikaonyesha 11 kabla ya kuikata, tena bila kufuata mpangilio, na ile ya ufunguzi iliyowatambulisha wahusika ikawekwa mwishoni kabisa. Mtu aliyefungua televisheni yake wiki ya kwanza alikutana na watu wenye historia ndefu kati yao ambayo hakuna aliyemsimulia.

Lakini mfumo ule ulikuwa na kitu kimoja ambacho wa sasa hauna, nacho ni sababu ya kifedha ya kuendelea. Studio ilikubali kubanwa miaka ya mwanzo ikilenga kufika episodi 100 au karibu na hapo, kwa kuwa zikifika idadi hiyo ziliweza kuuzwa kwa vituo vingine virushe marudio siku tano kwa wiki, mwaka mzima. Donge nono lilikuwa mbele, halikuwa mwanzoni. Kila msimu ulioongezeka ulimsogeza kila mtu karibu na donge hilo, kuanzia studio, mwandishi, stering wake hadi fundi wa taa.

Star Trek ya kwanza ndiyo inayoonyesha hesabu hiyo vizuri kuliko zote. NBC ilianza kuirusha mwaka 1966, na kufikia mwishoni mwa 1967 zikavuma habari kwamba itakatwa baada ya msimu wa pili. Bjo Trimble na mumewe John wakaanzisha kampeni ya barua. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: kila shabiki aandike yake, kisha awaombe wengine kumi waandike, na kila mmoja wa hao kumi afanye vivyo hivyo. Barua zikamiminika kwa wingi kiasi kwamba Machi 1968 NBC ilitangaza hewani, baada ya episodi kwisha, kwamba tamthilia itarudi. Msimu wa tatu ulisukumwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana walioipenda hawako nyumbani, bajeti ikapunguzwa, na mwaka 1969 ikafutwa moja kwa moja.

Watu wengi huisimulia habari hiyo kama ushindi uliozaa kushindwa. Mimi naiona vingine. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa na episodi 55. Msimu wa tatu, ambao hata mashabiki wenyewe hawausifii, uliongeza 24, zikawa 79, idadi iliyotosha kuuzwa kwa vituo vya mikoani kwa marudio ya kila siku. Ni kwenye marudio hayo ya miaka ya 1970 ndipo Star Trek ilipopata watu wake hasa, ikazaa filamu mwaka 1979 na tamthilia mpya mwaka 1987. Wale walioandika barua walikuwa wanatafuta msimu mmoja zaidi. Walichonunua ni muda wa hadithi kukutana na wenyewe.

Na muda ndio uliokuwa ukitolewa, hata kama ni kwa shingo upande. Cheers ilipoanza mwaka 1982 ilikuwa inaburuza mkia kwenye orodha ya watazamaji. NBC ikaiacha. Ilidumu misimu 11 na kuaga mwaka 1993 ikiwa miongoni mwa vipindi vilivyopendwa kuliko vyote nchini humo. Seinfeld baada ya pailoti yake, yaani episodi ya majaribio, ya 1989 iliagizwa episodi nne tu, nne, na hiyo nayo ikaja kuwa namba moja.

Sasa tuje kwenye majukwaa ya mtandaoni. Jukwaa linalolipiwa kwa mwezi halihesabu kama kituo kinachouza matangazo. Linajiuliza mambo mawili: hii tamthilia imemleta mteja mpya, na imemzuia aliyepo asijitoe? Msimu wa kwanza huleta watu kwa sababu ni kitu kipya, una trela, una mabango. Msimu wa tatu humleta nani? Aliyeukosa wa kwanza na wa pili haanzii hapo. Upande wa gharama, kadiri misimu inavyosonga ndivyo malipo ya waigizaji na waandishi yanavyopanda, kwa sababu mikataba imeandikwa hivyo. Na hakuna donge la marudio linalosubiri kwenye episodi ya 100, kwa kuwa jukwaa limeshanunua haki zote tangu mwanzo na halina mpango wa kumuuzia jirani. Kila msimu ni gharama inayopanda na faida inayoshuka. Ukiweka mistari hiyo miwili kwenye karatasi utaona inakatana mapema sana, mara nyingi kati ya msimu wa pili na wa tatu.

Ted Sarandos, mmoja wa wakuu wa Netflix, alipohojiwa Januari 2023, mwezi uleule 1899 ilipozikwa, alisema hawajawahi kufuta tamthilia iliyofanikiwa. Zilizokatwa zilikuwa zinazungumza na watu wachache kwa bajeti kubwa. Naichukulia kauli hiyo kwa uzito, kwa sababu kibiashara ni kweli. Tatizo ni kwamba bajeti kubwa aliipitisha nani? Si mtazamaji. Watu waliokaa mezani wakaona fumbo la misimu mitatu, lenye lugha kadhaa, meli na chombo cha angani, ndio walioidhinisha, wakijua dhahiri kwamba jibu lake haliko kwenye msimu wa kwanza.

Hapa kuna badiliko ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Zamani kabla ya tamthilia kuagizwa kulikuwa na pailoti. Vituo vilinunua miswada mingi, vikarekodi pailoti chache kati ya hiyo, kisha zikachujwa tena hadi kubaki kiganja. Ulikuwa upotevu mkubwa wa fedha, na pailoti nzuri nyingi zimeozea kabatini. HBO ilirekodi mwaka 2019 pailoti ya hadithi iliyotangulia Game of Thrones, Naomi Watts akiwa ndani, na Oktoba mwaka huohuo ikaitupa na kuiagiza House of the Dragon badala yake. Inauma kwa walioifanya. Lakini mtazamaji hakudhurika, hakuwahi kuitikia pakawa yoyote. Majukwaa yalipokuja yakaruka hatua hiyo na kuagiza msimu mzima moja kwa moja. Wote tukashangilia, tukasema waandishi wamepata uhuru. Kumbe jaribio halikuondolewa, lilihamishwa tu. Msimu wa kwanza mzima ndio umekuwa pailoti. Tofauti ni kwamba pailoti ya zamani ilitazamwa na wakubwa kumi chumbani wakaamua, na hii ya sasa inatazamwa na mamilioni wanaoamini kwamba wameshaanza safari.

Wingi nao ulichangia. Idara ya utafiti ya FX, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikihesabu tamthilia na vichekesho vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wazima Marekani, ilifikisha 599 mwaka 2022. Mwaka uliofuata zikashuka hadi 516. Kampuni zilikuwa zinagombea wateja kwa kumwaga kazi sokoni, na soko la hisa lilipoanza kudai faida badala ya idadi ya wateja, zilichoweza kukata haraka ni zile za katikati: zisizo maarufu sana, zisizo za bei rahisi, zenye watu wanaozipenda kwa dhati lakini si wengi wa kutosha.

Mtazamaji naye si jiwe, anajifunza. Mimi mwenyewe nimeshaingia kwenye tabia hiyo. Tamthilia mpya ikitoka, hasa yenye fumbo, naiweka pembeni. Nasubiri nisikie kama imepewa msimu wa pili, au nasubiri iishe kabisa. Najua naiua kwa kusubiri, kwa sababu wakubwa wanatazama zaidi wiki za mwanzo, wangapi wameanza na wangapi wamemaliza. Lakini nimeachwa kwenye mataa mara nyingi mno. Nakumbuka moja niliyoifuata misimu miwili, nikawa naamka nayo na kulala nayo, nikamvuta na mdogo wangu aitazame. Ilipofutwa alinipigia simu kuniuliza, "Kaka, sasa yule mtoto alikuwa wa nani?" Sikuwa na jibu, na sitakuwa nalo. Tangu siku hiyo nikimtajia tamthilia mpya swali lake la kwanza ni kama imeisha. Wako wengi kama yeye. Hofu ya kufutwa inapunguza watazamaji wa mwanzo, kupungua kwao kunaleta kufutwa, na kufutwa kunaongeza hofu. Kampuni zimefuga ugonjwa huu zenyewe.

GLOW ni kisa kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu huko ahadi ilikuwa imeshatamkwa kwa mdomo. Netflix ilitangaza kwamba msimu wa nne utakuwa wa mwisho, waandishi wakajipanga kuaga, upigaji picha ukaanza mapema 2020. Janga la korona likasimamisha kila kitu. Oktoba mwaka huo ikafutwa. Tamthilia ya wanawake wanaopigana mieleka ilikuwa ngumu kurekodiwa kipindi watu hawaruhusiwi kugusana, hilo naelewa kabisa. Lakini hakuna hata episodi moja ya kuwaaga iliyokuja kutengenezwa baada ya dunia kufunguka.

Kisha yakaja mapya. Westworld ilifutwa Novemba 2022 baada ya misimu minne, watunzi wake wakiwa na mpango wa mitano, na mwezi uliofuata ikaondolewa kabisa kwenye HBO Max. Willow ilitoka Disney+ Novemba 2022, na kufikia Mei 2023 haikuwepo tena huko. Haikutimiza hata miezi saba. Kampuni zilifanya hivyo kwa sababu za kihesabu: kazi ikiondolewa, thamani yake inaweza kufutwa vitabuni na kupunguza kodi, na malipo ya marudio kwa waigizaji na waandishi hayadaiwi tena. Tamthilia iliyofutwa mwaka 2002 walau ilibaki kwenye diski rafuni. Mashabiki wa Firefly walinunua diski zake kwa wingi hadi ikapatikana filamu ya Serenity mwaka 2005. Family Guy ilifutwa na Fox mwaka 2002, diski zake na marudio ya usiku vikafanya vizuri kupita matarajio, na mwaka 2005 ikarudi hewani palepale Fox. Ufufuo ule uliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kushika. Kinachofutwa kwenye seva hakimkuti mtu wa miaka mitatu baadaye.

Mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023 ulioanza Mei 2 ukadumu siku 148, na ule wa waigizaji ulioanza Julai, ilipasua kidogo pazia lililoficha takwimu za utazamaji. Waandishi walipata kifungu kinachosema tamthilia ikitazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa ndani wa jukwaa katika siku 90 za mwanzo, kuna bonasi, na chama chao kinapewa takwimu. Desemba mwaka huo Netflix ikatoa kwa mara ya kwanza ripoti ya saa zilizotazamwa kwa zaidi ya majina 18,000. Kabla ya hapo mwandishi aliambiwa kazi yake haikutazamwa vya kutosha na hakuwa na namna ya kuuliza vya kutosha ni kiasi gani.

Na mwaka huohuo ndipo likatokea jambo lililotakiwa kuwafundisha wakubwa kitu, nao wakasoma somo kinyume.

Suits ilirushwa na kituo cha USA Network kuanzia 2011 hadi 2019. Misimu tisa, episodi 134, ikaisha salama na watu wakaendelea na maisha yao. Kiangazi cha 2023 ikaingia Netflix nchini Marekani, na kwa takwimu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji, ilitazamwa dakika bilioni 57.7 mwaka huo, rekodi ambayo hakuna kazi ya mtandaoni iliyokuwa imewahi kuifikia kwa mwaka mmoja. Migomo ilisaidia, kwa kuwa mambo mapya yalikuwa haba. Ila tazama hao watu walikuwa wanakula nini. Tamthilia ya wanasheria, kila episodi ina kesi yake inayofunguliwa na kufungwa, wahusika wanaokua taratibu, na mbele yako kuna episodi zaidi ya mia ambazo unajua fika kwamba zina mwisho. Unaweza kuanza Jumatatu usiku bila hofu ya kuibiwa. Kwa macho yangu, kilichopendwa ni urefu na ukamilifu, vitu viwili ambavyo majukwaa yalikuwa yameacha kutengeneza.

NBC ikasoma kwamba kilichopendwa ni jina. Februari 2025 ikazindua Suits LA, jiji jipya, ofisi mpya, wahusika wapya. Mei mwaka huohuo ikaifuta baada ya msimu mmoja wa episodi 13. Kwa maneno mengine, walichukua tamthilia iliyopendwa kwa sababu ilipewa miaka tisa, wakaipa mtoto wake miezi michache.

Frasier ilikuwa na bahati kidogo zaidi: misimu 11 ya asili, 1993 hadi 2004, ikarudishwa na Paramount+ mwaka 2023, ikapata misimu miwili, ikafutwa Januari 2025. Roseanne ilirudi ABC Machi 2018 ikatazamwa na zaidi ya watu milioni 18 usiku wa kwanza, halafu ikakatwa Mei baada ya stering wake kuandika ujumbe wa kibaguzi mtandaoni. Wenzake wakaendelea bila yeye chini ya jina la The Conners hadi 2025. Kufufua hakuna kanuni. Nikitazama zile zilizofaulu naona tu kwamba kulikuwa na jambo lililobaki bila kusemwa. Twin Peaks ilipokatwa na ABC mwaka 1991, katika episodi ile ya mwisho Laura Palmer anamwambia wakala wa FBI kwamba wataonana tena baada ya miaka 25. Ilipita 26. Mwaka 2017 watunzi wake, David Lynch na Mark Frost, walirudi Showtime na episodi 18, na Lynch akaziongoza zote mwenyewe. Unaweza kuzipenda au kuzichukia, lakini huwezi kusema mzee yule alirudi kuchukua posho.

Zipo pia zile zilizookolewa, ambazo watu hupenda kuzisimulia kama nguvu ya mashabiki. Nguvu ipo, lakini fuatilia hakimiliki utaona mengine. Brooklyn Nine-Nine ilifutwa na Fox Mei 10, 2018. Siku ya pili yake NBC ikaichukua. Kelele za mtandaoni zilikuwa kubwa kweli. Ila tamthilia yenyewe ilitengenezwa na Universal Television, studio dada ya NBC. Ilikuwa inarudi nyumbani kwao. Manifest ilifutwa na NBC Juni 2021 ikiwa imebakiza jibu la swali lake kuu. Misimu yake ya mwanzo ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Netflix Marekani na kukaa kileleni wiki baada ya wiki, na kabla ya Agosti kwisha Netflix ikaagiza episodi 20 za kumalizia. La casa de papel ilikuwa imekwisha kwenye kituo cha Antena 3 cha Hispania mwaka 2017, watazamaji wakiwa wamepungua sana, mpaka Netflix ilipoikatakata upya na kuipeleka duniani, ikageuka kitu kingine kabisa. Katika visa vyote vitatu kazi ilikuwa inaweza kuhama. Tamthilia inayomilikiwa na jukwaa lenyewe haina pa kukimbilia. Aliyeifuta ndiye mwenye funguo.

Zinazopikwa sasa zinaonyesha upepo unakoelekea. HBO ilianza Julai 2025 kupiga picha za tamthilia ya Harry Potter, ikikusudia kuvipitia vitabu vyote saba kwa takriban muongo mmoja. Hapo mtu anaahidiwa miaka kumi kabla ya episodi ya kwanza kuonekana, kwa sababu mwisho wake unajulikana na jina linauza. Sina kinyongo na hilo, watoto wataipenda. Ninachotaka ni sehemu ndogo tu ya ujasiri huo ielekezwe kwa mwandishi ambaye hana vitabu saba nyuma yake.

Dawa haihitaji muujiza, kwa sababu imeshajaribiwa. Jericho ya CBS ilifutwa mwaka 2007, mashabiki wakatuma karanga tani kwa tani kwenye ofisi za kituo, wakirejea neno moja, "Nuts" (karanga), lililotamkwa na mhusika mkuu kwenye episodi ya mwisho. Wakapewa episodi saba. Watengenezaji, wakijua hali ni tete, walirekodi miisho miwili: mmoja wa kuendelea, mwingine wa kufunga. CBS ilipoamua kuikata tena mwaka 2008, ilirusha ule wa kufunga. Siku kadhaa za ziada za kazi, na watu wakapata mlango uliofungwa badala ya ukuta. Timeless ya NBC ilipofutwa 2018 ilipewa saa mbili za kuaga, zikarushwa Desemba 20. Sense8 ilifutwa Juni 2017, na baada ya mwezi mzima wa malalamiko Netflix ikakubali episodi moja ya saa mbili na nusu, iliyotoka Juni 2018.

Kwa nini iwe hisani? Iandikwe kwenye mkataba siku ile kazi inapoagizwa. Tamthilia yenye hadithi inayoendelea ipewe msimu wa kwanza pamoja na bajeti ya episodi ya kufungia, iwekwe pembeni, isiguswe. Msimu wa pili ukija, akiba inasogea mbele. Usipokuja, inatumika. Au mwisho wa aina mbili urekodiwe kama walivyofanya Jericho. Na kama jukwaa halitaki kabisa kumalizia, haki zirudi kwa watunzi baada ya muda unaojulikana wakatafute mlango mwingine. Waingereza walishaonyesha zamani kwamba hata uchache si dhambi: The Office ya BBC ilifanya episodi 12 na kipindi cha Krismasi cha sehemu mbili, ikafunga biashara mwaka 2003 kwa hiari yake, na hakuna anayehisi amedhulumiwa.

Deadwood ilifutwa na HBO mwaka 2006 baada ya misimu mitatu na episodi 36. Kituo kikaahidi filamu mbili za kumalizia. Miaka ikapita, waigizaji wakatawanyika. Mtaa wa kuigizia wa enzi za makauboi kule Melody Ranch, California, ambako tamthilia ile ilirekodiwa, ukaja kutumika kurekodia Westworld, ambayo nayo ingekuja kukatwa kabla ya mwisho wake. Powers Boothe, aliyecheza mmoja wa wahusika wakubwa, akafariki 2017. Filamu ikapatikana Mei 2019, moja badala ya mbili, miaka 13 baadaye, chini ya saa mbili. Mwezi mmoja kabla yake ilijulikana hadharani kwamba mtunzi wake, David Milch, ana ugonjwa wa Alzheimer. Hadithi yake aliimalizia akiwa tayari anaishi nao.